Nataka kuanza kuchora kwa tableti: ninunue nini, na nianzie wapi?

penseli_kondele (Kisumu)

Habari zenu wanajamvi. Nachora kwa penseli na kalamu ya wino, zaidi nyuso za watu na mashua za ufuo wa Dunga. Sasa wateja wanaulizia kazi zinazotakiwa kwenye kompyuta: nembo za biashara, mabango, picha za vitabu vya watoto. Nina laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 4 na skrini ya 1366 × 768. Tableti sina. Kuna duka mjini wananiuzia tableti ya bei nafuu pamoja na kalamu yenye ncha ya mpira, na muuzaji anaapa kuwa inachora sawa na penseli.

Hiyo inafaa? Programu gani ya bure nitumie? Ukurasa niuanze kwa ukubwa gani ili watu wa kuchapisha wasinirudishie kazi? Halafu nikijaribu kwenye simu, mistari inatetemeka. Shida ni mkono au ni kifaa?

---

wino_na_kioo (Nakuru)

Usilipe kwanza. Kalamu ya mpira haina tofauti na kidole chako. Kioo kinahisi kwamba kimeguswa, basi. Hakijui umekandamiza kiasi gani. Uguse kwa upole au kwa hasira, unene wa mstari ni uleule. Juu ya hayo, ncha ni nene kiasi cha kuficha mahali unapochora. Kuna nyingine za kuchajiwa, ncha nyembamba, zinauzwa kama kalamu za "vifaa vyote". Nyingi nazo hazina presha (yaani hazihisi mkandamizo), na ukivuta mstari wa mshazari polepole, unatoka na mawimbi.

Unachotaka ni kalamu inayowasiliana na kifaa. Kwa Samsung, tafuta zinazokuja na S Pen, mfano Galaxy Tab S6 Lite. Kalamu imo ndani ya boksi na haihitaji chaji ili ichore: chini ya kioo kuna gridi ya nyaya inayotoa uga wa sumaku, na kalamu inachota nguvu yake humo. Teknolojia hiyo ni ya kampuni ya Wacom. Lakini usidanganywe na jina la kampuni. Tab A8 na A9 ni Samsung pia, ila gridi hiyo hazina, na S Pen ukiipeleka huko ni kijiti tu.

Kwa iPad, mtego uko kwenye kalamu yenyewe. Apple Pencil ya USB-C haina presha. Ile ya kizazi cha kwanza inayo, na inafanya kazi na iPad ya kizazi cha 9. Watu huchukua ya USB-C kwa sababu bei ni ya chini, wakifika nyumbani ndipo wanashangaa mbona brashi haipanuki.

Ukiwa dukani, omba wafungue programu ya kuchora, si ya kuandikia noti. Kwa S Pen, leta ncha karibu na kioo bila kugusa, kama nusu sentimita: kitone kinapaswa kuonekana chini ya ncha. Halafu vuta mstari mmoja ukianza kwa kugusa kidogo na kumalizia kwa nguvu. Uanze mwembamba na kuishia mnene. Vuta mwingine wa mshazari polepole sana, pembe hadi pembe, uone kama unanyooka. Mwisho laza kiganja chote kwenye kioo na uendelee kuchora; pasitokee alama yoyote pale kiganja kilipo.

Kama ni ya mitumba, ongeza jaribio moja: paka rangi skrini nzima kwa kwenda na kurudi, hasa pembeni. Mahali mstari unapokatika kila ukipita pale pale, gridi imeumia, na fundi wa kubadilisha kioo cha juu hatakutibia hilo. Muuzaji akikataa ujaribu, Oginga Odinga Street ina maduka mengine.

---

chorachora_ziwani (Kisumu)

Yote ya wino ni kweli, lakini mbona tunamkimbiza huyu ndugu kwenye tableti na laptopu anayo? Kwa bajeti ndogo chukua ubao usio na skrini. Unauchomeka kwenye USB, unachora kwenye ubao na picha inatokea kwenye laptopu. One by Wacom ndogo ina eneo la kuchorea la milimita 152 × 95 na kalamu isiyo na betri. Huion na XP-Pen nao wana mbao za bei ya chini. Utaona wengine wakijisifu kwa viwango 8192 vya presha dhidi ya 2048. Hiyo isikubabaishe, mkono hausikii tofauti. Cha kuangalia ni mguso wa kwanza: kalamu inaanza kutoa mstari ukigusa kwa wepesi gani? Ile inayotaka ukandamize ndipo iamke itakuchosha kifundo.

Faida nyingine ni kwamba ubao unakula umeme wa laptopu. Stima zikipotea unaendelea hadi betri iishe.

Ubaya wake ni kwamba mkono uko huku na macho yako kule. Siku za kwanza utajiona hujui kuchora kabisa. Usitazame mkono, tazama kishale. Weka ubao katikati mbele ya skrini, kingo zake sambamba na kingo za laptopu. Ukiupeleka pembeni au ukiuinamisha, kila mstari ulionyooka utatoka umepinda na utalaumu kalamu bure.

Programu: Krita. Ni ya bure kweli, haina matangazo wala alama ya maji kwenye picha. Kwa RAM ya GB 4 inaenda, ila funga kivinjari kwanza. Ukiwa na tableti ya Android, ibisPaint X inafaa kuanzia. Ya bure ina matangazo lakini inachora bila intaneti. Procreate ni nzuri sana, lakini ni ya iPad pekee na unailipia mara moja.

Draiva (programu inayounganisha ubao na laptopu): kama laptopu iliwahi kuwa na draiva ya ubao mwingine, iondoe kwanza, washa upya, ndipo uweke mpya kutoka tovuti ya kampuni. Mbili zikikaa pamoja hugombana, na dalili ya kwanza ni presha kupotea.

---

chapa_mtaani (Kakamega)

Mimi nijibu la ukubwa, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinakufa zikifika kwenye mashine.

A4 kwa dpi 300 (vitone 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2480 × 3508. A3 ni 3508 × 4961. Kama rangi inafika hadi ukingo wa karatasi, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa; A4 inakuwa 2551 × 3579. Maneno na nyuso zisikaribie ukingo. Bango kubwa la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara halihitaji dpi 300: kwa dpi 100, mita moja ni pikseli 3937, na inatosha kabisa.

Anza na ukubwa kamili. Kuchora kwenye pikseli 1080 halafu kuvuta picha iwe A3 hakuongezi kitu, kunanenepesha ukungu tu. Kwa nembo, jua kwamba Krita na ibisPaint kimsingi huchora kwa pikseli. Nembo itakayowekwa kwenye kadi leo na kwenye gari kesho ichore upya kwa vekta, yaani maumbo yanayokuzwa bila kupoteza ukali. Inkscape ni ya bure. Mchoro wako wa Krita utumie kama karatasi ya chini.

Ukubwa una gharama. Leya (tabaka la mchoro) moja ya A4 iliyojaa rangi, kwa dpi 300, ni kama MB 35 za kumbukumbu. A3 ni mara mbili. Leya 20 za A4 zikijaa ni MB 700 hivi, na laptopu yako ina GB 4 za kugawana na Windows. Kwa hiyo usifungue leya kwa kila ukucha. Zinazotosha: rasimu, mistari, rangi bapa, kivuli, mwanga, na mandhari. Kivuli kiweke kwenye leya ya kuzidisha ("Multiply") juu ya rangi bapa na ukifunge ndani ya umbo ili kisimwagike nje. Rasimu ikishamaliza kazi, ifute.

Rangi: skrini inatoa mwanga, karatasi inarudisha mwanga. Kijani kikali, zambarau, buluu ya umeme na ule waridi wa heroe wa Ziwa Nakuru vitapoa vikichapishwa. Uliza anayechapisha anatumia profaili gani ya CMYK (rangi nne za wino wa kuchapishia), na kwenye Krita itazame kazi yako kwa profaili hiyo kabla ya kupeleka. Skrini yenyewe usiiache kwenye mwanga wa juu kabisa. Utachagua rangi za giza ukidhani ni za kawaida, na karatasi itatoka imezimika.

Na tafadhali, msitume picha kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, pikseli zinapotea. Itume kama dokumenti, PNG au PDF. JPG ni ya kuonyesha mteja. Faili lenye leya unabaki nalo wewe, nakala ya pili ikiwa kwenye flash.

---

penseli_kondele

Erokamano, nimeelewa mengi. Nimeazima One by Wacom ndogo nijaribu wiki hii. Mambo mawili yananisumbua. Duara nikilichora sawasawa linatoka limelala, pana kuliko lilivyo refu. Pia nikigusa na kutulia kidogo, kunatokea pete ndogo halafu menyu inafunguka.

---

chorachora_ziwani

Omera, duara ni hesabu. Ubao wako ni 152 × 95, skrini yako ni 1366 × 768. Kwa upana kila milimita inakwenda karibu pikseli 9, kwa urefu karibu 8. Ndiyo maana duara linalala kwa zaidi ya asilimia 10. Fungua mipangilio ya Wacom, sehemu ya kulinganisha ubao na skrini, uweke tiki kwenye "Force Proportions". Utapoteza utepe wa milimita 9 na nusu hivi chini ya ubao. Uache, hauna hasara. Ukiunganisha skrini nyingine, chagua ubao ufanye kazi kwenye skrini moja, la sivyo unagawanyika kati ya zote mbili na kosa linarudi kubwa zaidi.

Pete ni ya Windows, si ya Krita. Nenda Control Panel, "Pen and Touch", uzime kubonyeza na kushikilia. Ukiona presha imepotea baadaye, ingia kwenye mipangilio ya tableti ndani ya Krita, badilisha kati ya WinTab na Windows Ink (njia mbili za kusoma kalamu), kisha uifunge na kuifungua upya.

---

wino_na_kioo

La mistari kutetemeka halijajibiwa. Sehemu kubwa ni mwendo. Kwenye kioo hakuna msuguano wa karatasi, na ukivuta polepole kwa kifundo kila mpapatiko unaandikwa. Vuta kwa mkono mzima kutoka begani, kwa kasi, na mstari ukikosea utengue uvute tena. Usiupige viraka vya mistari midogo midogo. Kila siku kabla ya kazi jaza ukurasa mmoja: mistari ya kuunganisha nukta mbili, duara za kuingiana, na mistari inayoanza nyembamba ikanenepa katikati. Mashua za Dunga ni zoezi zuri la mikunjo mirefu, mkunjo wa ubavu mzima kwa mvuto mmoja.

Krita na ibisPaint zote mbili zina kitulizaji cha mstari. Kiweke chini ya nusu. Kikizidi, mstari unachelewa nyuma ya kalamu na pembe zote zinakuwa za mviringo. Nywele na macho yanapoteza ukali.

Usichore pia ukiwa umekuza picha hadi jicho moja linajaza skrini. Ukirudisha ukubwa utakuta jicho zuri kwenye uso uliopinda. Geuza picha kushoto kulia kila mara, kwenye Krita ni herufi M, na kosa linajitokeza lenyewe.

Sehemu iliyobaki ni kifaa. Kwenye simu au tableti, chaja hafifu hufanya mguso urukeruke. Chomoa uone kama mstari unatulia. Kwa mbao kama hiyo uliyoazima, iondoe kwenye meza ya chuma na mbali na vifuniko vyenye sumaku. Joto la Kisumu nalo hufanya kiganja kitoe jasho na kugandamana na ubao. Glavu ya vidole viwili inatatua, au kata soksi nyembamba ya zamani. Ncha ya kalamu ikilika upande mmoja ikawa na ukingo mkali kama patasi, ibadilishe, kwa sababu ndiyo inayochimba mifereji kwenye ubao wa mwenyewe.