Rivolva ya Colt yenye nakshi iliyokuwa ya askari wa enzi za majambazi, au iliyokuwa ya jambazi mwenyewe: ningenunua ipi?

MpwaniHouston
Habari zenu ndugu. Nipo Texas mwaka wa nane, na nimeanza kukusanya silaha za zamani za kuweka kabatini, si za kupiga. Nimedunduliza pesa na mbele yangu zipo tatu, bei zinakaribiana.

Ya kwanza ni rivolva, Colt Single Action Army ya kipenyo cha .45, nakshi imeenea kuanzia mtutu hadi silinda, mpini wa pembe ya ndovu. Muuzaji anasema ilikuwa ya mkuu wa polisi wa kaunti moja hapa Texas miaka ya 1930. Ya pili ni Colt Detective Special ya .38, kavu kabisa (haina nakshi), eti ilitolewa kiunoni mwa jambazi wa enzi hizo. Ya tatu ni Smith & Wesson Registered Magnum ya 1936, haina jina kubwa ila ina cheti chake cha kiwandani. Moyo wangu uko kwa ya kwanza. Nishaurini.

KabatiLaBabu
Moyo wako naujua, ndugu yangu. Tangu nilipoanza kusoma habari za Frank Hamer sijaona silaha inayonivuta kama ile Colt yake ya .45 yenye nakshi, aliyoiita Old Lucky. Huyu ndiye askari wa zamani wa kikosi cha Texas Rangers aliyeajiriwa mapema 1934 kuwasaka majambazi Bonnie na Clyde, akawafuatilia kwa miezi zaidi ya mitatu hadi asubuhi ya tarehe 23 Mei, barabarani karibu na Gibsland, Louisiana. Waliovizia pamoja naye walikuwa watano. Siku ile kazi ilifanywa na bunduki ndefu, lakini mtu akitaja Hamer, wakusanyaji wanaona ile rivolva.

Sasa angalia mnada wa Septemba 2012 kule Nashua, New Hampshire. Detective Special iliyokuwa imebandikwa kwa plasta pajani mwa Bonnie iliuzwa dola 264,000. Bastola ya Colt 1911 ya Clyde, dola 240,000. Zote hazina ua hata moja. Unajua zilitoka wapi? Nyumbani kwa Hamer huyo huyo, kwani aliruhusiwa kuchukua silaha zao kama sehemu ya ujira wake. Zilikuwa na barua ya mwanawe inayoeleza baba alizitoa wapi. Bila barua ile, hiyo .38 ni sawa na nyingine yoyote iliyotoka kiwanda cha Hartford. Ndiyo maana naiogopa namba mbili yako: "inasemekana" haina saini.

Dada Mwanahawa
Mimi siungani na wanaosema jina la jambazi ndilo lenye bei. Colt ya jambazi Al Capone iliuzwa 2021 kwa dola 860,000, sawa. Mwaka huo huo, Agosti, Colt ambayo Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881 ilipita dola milioni 6. Garrett alikuwa mkuu wa polisi wa kaunti, na silaha yenyewe haikuwa na urembo. Kinacholipiwa ni tukio lenye ushahidi. Je, huyo wa kwako alifanya nini na rivolva yake, na nani aliandika?

Fundi Saa
Shikamooni wakubwa. Nachonga metali, basi niseme upande wa nakshi.

Nakshi ya mkono haijirudii. Majani mawili yanayofanana kwa macho, ukiyawekea lenzi utaona hapa tindo iliteleza, pale mstari umeingia ndani zaidi. Waliokulia Lamu au Unguja wanaelewa: fundi yule yule hatoi milango miwili iliyo sawa. Kwa hiyo ikipatikana picha ya zamani ya mwenyewe akiwa nayo kiunoni, hata mishipa ya pembe kwenye mpini inaweza kulinganishwa. Silaha kavu huwezi kuifanyia hivyo. Inategemea namba na karatasi tu.

Lakini nakshi pia ndiyo mlango wa udanganyifu. Watu huchukua Colt ya kawaida na kuichonga miaka hamsini baadaye. Tazama kingo za mistari: kama silaha imechakaa na nakshi bado kali, ondoka. Kama kingo zimelainika kila mahali sawasawa, huenda ilisuguliwa na kupakwa upya, na hapo thamani imeanguka.

Andikia hifadhi ya kumbukumbu ya Colt kwa namba ya mfululizo. Barua yao hutaja tarehe iliyotoka kiwandani, urefu wa mtutu, rangi, kama ilichongwa pale pale, na ilipelekwa kwa nani. Mara nyingi utakuta jina la duka. Ukiona Wolf & Klar wa Fort Worth, furahi: waliwauzia walinda sheria wengi wa Texas Colt zenye nakshi. Bado si uthibitisho wa mtu mmoja.

Mama Neema, California
Kaka, huo mpini usiupuuze. Tangu 2016 biashara ya pembe za ndovu wa Afrika kati ya jimbo na jimbo imebanwa sana; kuna nafuu kwa kitu chenye pembe chini ya gramu 200, kwa masharti. Huku kwetu sheria ya jimbo ni kali zaidi. Nami huwa naumia nikiiona pembe hiyo. Karne ya 19 pembe zilitoka Zanzibar kwa meli hadi Connecticut, jimbo lile lile la Colt, na zilifika pwani mabegani mwa watu wetu.

Halafu, una makazi ya kudumu? Mwenye viza ya muda hakubaliwi kumiliki, isipokuwa vighairi vichache. Na kama silaha si ya kabla ya 1899, sheria haiihesabu kuwa ya kale.

KabatiLaBabu
Dada Mwanahawa amesema kweli. Mimi ningechukua Registered Magnum leo. Ya kwanza ya aina hiyo alipewa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, mwaka 1935, na kila mnunuzi alijichagulia urefu wa mtutu. Cheti unacho mkononi.

MpwaniHouston
Asanteni sana. Makazi ya kudumu ninayo. Nimempigia muuzaji kumwomba namba ya mfululizo ya ile yenye nakshi. Kasema picha hana, ila familia ya marehemu bado iko kaunti ile ile. Barua ya Colt naagiza Jumatatu. Magnum nimeomba anishikie hadi jibu lirudi.