Printa ya risiti: nibaki na SDK ya muuzaji, nizime minifai au niandike ESC/POS mwenyewe?

kijana_wa_apk: Wakuu habari za jioni. Nina app ya mauzo ya duka, mteja anataka kununua printa 10 za bluetooth za milimita 58 na hela anatoa Jumatatu. Muuzaji kanipa SDK yao (kodi yao ya kuendesha printa), ni faili la AAR (maktaba ya Android iliyofungwa), nimeliweka kwenye folda ya libs. Shida app ya rilisi (bildi ya kumkabidhi mteja) inakrashi, inasema klasi haionekani. Nichague njia gani kati ya hizo tatu: nibaki na SDK, nizime minifai (hatua ya bildi inayofyeka kodi isiyotumika na kufupisha majina), au nitume mwenyewe ESC/POS, yaani amri za moja kwa moja za printa?

fundi_gradle: Weka logi mkuu. Klasi gani haionekani? Na dibagi (bildi ya majaribio) inafanya kazi au nayo inakufa?

kijana_wa_apk: Dibagi iko poa kabisa.

MtuWaPwani: Basi hiyo ni R8, chombo kinachofanya hiyo minifai, imefyeka klasi zinazoitwa kwa jina kupitia Class.forName. Weka `-keep class` (amri ya kuiambia R8 isiguse klasi) ya package yao yote kwenye proguard-rules.pro ulale. Na kama umehamia AGP 8 (plagini ya Android ya Gradle) kumbuka full mode imewashwa yenyewe, inafyeka zaidi kuliko zamani.

nuru_dev: Mimi ningezima minifai tu, mteja ana simu 10, app ikiongezeka MB 3 nani atajua

MtuWaPwani: Wateja wengine wanashusha kwa bando dada, MB 3 ni pesa.

mama_kodi: Nuru sikubaliani, ila namwelewa anayeogopa R8, niliwahi kuiwasha siku mbili kabla ya kukabidhi kazi. App haikukrashi hata mara moja na hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa natumia Gson (maktaba ya kusoma JSON), data klasi zangu sikuziwekea keep wala @SerializedName (alama ya kushikilia jina la fildi), R8 ikabadilisha majina ya fildi yakawa a, b, c, kwa hiyo JSON ya seva ikawa hailingani na kitu chochote. Muuza duka kanipigia asubuhi, dada mbona risiti zinatoka Jumla 0, nikafika pale nikakuta wateja wamepanga foleni na yeye anaandika bei kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya printa, na ile karatasi ni ya joto, wino unachafuka kwenye vidole. Mapping.txt (faili la kurudishia majina halisi) ya ile bildi nilikuwa nimeshaifuta kwa kufanya clean. Tangu siku hiyo minifai naiwasha wiki ya kwanza ya mradi, sio ya mwisho.

fundi_gradle: Pole sana. Kijana bado hujaweka logi.

kijana_wa_apk: Samahani mkuu, hii hapa: `java.lang.NoClassDefFoundError: Failed resolution of: Lcom/google/zxing/BarcodeFormat;`
Halafu bildi ya rilisi mwanzoni iligoma ikasema Missing class, nikakopi mistari ya missing_rules.txt ikapita.

fundi_gradle: Ndio hapo sasa. Ile mistari ni -dontwarn (usionye), umeiziba mdomo R8 wakati ilikuwa inakwambia ukweli. Hiyo klasi ni ya ZXing, maktaba ya QR na barcode, na haijafyekwa, haikuwemo tangu mwanzo. AAR ukiitupa kwenye libs haiji na tegemezi zake (maktaba nyingine inazozihitaji), maana orodha ya tegemezi inakaa kwenye faili lingine, POM, na wewe POM huna. Keep ya MtuWaPwani haiwezi kulinda kitu ambacho hakipo. Kwenye dibagi ulichapisha risiti yenye QR kweli, au uliunganisha bluetooth tu?

kijana_wa_apk: Niliunganisha tu. Ngoja nijaribu

kijana_wa_apk: Imekufa na dibagi, kosa lile lile.

fundi_gradle: Ongeza `implementation` ya com.google.zxing:core, futa zile dontwarn, halafu fungua APK Analyzer uone com.google.zxing iko ndani ya dex (faili la kodi ndani ya APK).

MtuWaPwani: Nakubali, hapo nilikurupuka. Ila keep iache, SDK za printa zinapenda reflection (kuita klasi kwa jina).

simu_na_waya: Mimi bado nasema achana na SDK. ESC/POS ni baiti tu, 1B 40 unaanzisha printa, unafungua soketi ya SPP (bluetooth ya kutuma baiti kama waya wa serial) unatuma. Kesho mteja akinunua printa nyingine hubadilishi kitu. Android 12 kwenda juu omba ruhusa ya BLUETOOTH_CONNECT, basi.

mama_kodi: Kwenye QR na nembo je? Za bei rahisi zingine hazikubali amri ya QR, itabidi utume picha.

simu_na_waya: Za kwangu zinakubali.

kijana_wa_apk: QR imetoka wakuu, asanteni! Rilisi naijaribu usiku huu. Sasa mteja anauliza kwa nini tusichukue za milimita 80

nuru_dev: 80 betri kubwa na roli zake ghali, huko kwenu zinapatikana?