F-150 ya 1990: sailensa inapanda na kushuka tangu nibadili kontrol boksi

pikapu_kongwe
Habari wakuu, naombeni msaada kichwa kinauma. Nina Ford F-150 ya 1990, injini ile ya silinda 6 za mstari, lita 4.9, EFI (mafuta yanapulizwa na nozo za umeme), gia za manyuo. Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya zamani ilikufa, nilipoifungua nikakuta kapasita zimevuja zimekula bodi, siku nyingine gari ilikuwa inawaka siku nyingine hata pampu ya mafuta huisikii. Nikapata boksi used, namba za kwenye stika zilezile hadi herufi ya mwisho, nikafunga, gari ikawaka nusu stata. Furaha ikaishia hapo maana ikishapata moto sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inacheza, inashuka 600 inapanda 1300 inashuka tena kama kuna mtu amekaa anakanyaga na kuachia, injini inatikisika, na nikikanyaga klachi nikikaribia kusimama muda mwingine inazima kabisa. Ikiwa ya baridi inavumilika. Barabarani inavuta vizuri tu. Nimebadili plagi, waya zake na filta ya mafuta, hola. Niliyonunua ni mbovu au?

gia_ya_tatu
Boksi used ni kamari mkuu. Rudisha upewe nyingine. Au toa huo mzigo wote ufunge kabureta upumzike.

fundi_waya
Huyo wa kabureta tumuache kwanza 😂

Pikapu_kongwe, boksi mbovu mara nyingi haikuchagulii muda wa kusumbua, ingekukorofisha na barabarani pia. Kwenye hizi 4.9 nozo zinafyatuliwa kwa makundi mawili ya tatu tatu, kundi moja likifa ungebaki na silinda tatu na gari isingevuta hata kidogo. Wewe yako inavuta. Kwa hiyo weka boksi pembeni kwa sasa.

Anza na athi. Kuna waya mwembamba wa athi ya kontrol boksi unaotokea upande wa negativu ya betri, watu wakibadili kichwa cha betri wanausahau ukining'inia au unaliwa na kutu ndani ya mpira wake. Pia angalia taimingi ya cheche: chomoa ile plagi ndogo ya SPOUT ndo upime, inatakiwa digrii 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa). Ukipima bila kuichomoa unapima mahesabu ya boksi, siyo taimingi yenyewe.

Halafu soma kodi, yaani namba za hitilafu. Hii ni ya kabla ya OBD2 (mfumo wa kupimia wa gari za baadaye) kwa hiyo usihangaike na zile mashine za kuchomeka chini ya usukani, kipande cha waya kinatosha. Unaunganisha ule waya wa peke yake wenye plagi yake na tundu la athi ya sensa kwenye plagi kubwa ya kupimia, unawasha swichi, unahesabu taa ya chek injini inavyowaka. Fanya mara mbili, injini ikiwa imezimwa halafu ikiwa inaunguruma na imeshapata moto.

pikapu_kongwe
Athi ipo na nimeisugua, taimingi 10 kamili. Kodi: injini ikiwa imezimwa inatoa 11. Ikiwa inaunguruma ilianza na miwako mitatu nikaogopa, ikatulia, ikapandisha mizunguko yenyewe, mwisho ikatoa 13. Sasa hiyo 13 ndo nini?

fundi_waya
Ile mitatu ya mwanzo ni boksi inakuambia imejua ni silinda 6, inahesabu nusu yake. 11 maana yake safi. 13 ndo ya kushika: wakati wa jaribio boksi imeshindwa kuishikilia sailensa ya chini inayoitaka. Ingekuwa imeshindwa kuipandisha ungeona 12. Kwa maelezo yako mimi nahisi yako inagoma kushuka, yaani kuna hewa inaingia ambayo boksi haina mamlaka nayo.

bi_spana
Naunga mkono hapo na niongeze kitu kinachochanganya wengi. Gari hii haina sensa ya kupima hewa inayoingia, inakadiria kwa MAP, yaani presha ya ndani ya manifoldi. Kwa hiyo hewa ikivuja, boksi inaona presha imepanda na inaongeza mafuta ya kulingana nayo, ndo maana sailensa inapanda badala ya gari kukosa mafuta na kukohoa kama ulivyozoea kwenye gari zingine. Ikipanda sana boksi inafunga vavu ya IAC (inayopitisha hewa ya sailensa), ikiwa ya moto ikaona mizunguko iko juu na mguu haupo inakata mafuta, inaanguka, inarudisha, inapanda tena. Ndo huo mchezo.

Jaribio la dakika moja: injini ya moto, chomoa plagi ya IAC. Gari isiyo na tatizo inatakiwa mizunguko ishuke vibaya au izime. Isiposhuka, hewa inapita kwingine.

pikapu_kongwe
Nimechomoa. Haikuzima 😳 imekaa kwenye 1000 hivi, na imetulia tuli kuliko ilivyowahi kutulia. IAC yenyewe nimeipima inasoma omu 9. Mipira ya vakyumu nimepuliza dawa ya kabureta yote pamoja na gasketi ya manifoldi, mlio haubadiliki.

bi_spana
Omu 9 ni nzima, hizo zinakaa kati ya 7 na 13. Kama mipira haivuji basi kipepeo cha throto (mlango wa hewa ya injini) hakifungi. Nani aliwahi kugusa ile skrubu ya kuzuia throto?

pikapu_kongwe
Aisee dada umenikumbusha. Boksi ya zamani ilipoanza kufa gari ilikuwa inazima kila ikisimama, fundi mmoja akakaza kitu hapo juu akasema "nimekuongezea sailensa", nikamshukuru kabisa. Nimeenda kuangalia sasa hivi, rangi ya skrubu imevunjika na imeingia karibu mizunguko miwili.

fundi_waya
😂😂 Ndo huyo. Alikuwa anaziba pengo la boksi mgonjwa kwa skrubu, sasa boksi nzima imekuja inagombana na skrubu yake. Ilegeze mpaka kipepeo kifunge, kisinatie tu, kisha pima TPS (sensa ya kipepeo) ukiwa umewasha swichi bila injini, ule waya unaopeleka taarifa kwenye boksi utoe kama volti 0.9 hivi. Safisha masizi kwenye throto kwanza, la sivyo utarekebisha juu ya uchafu. Ukimaliza chomoa negativu ya betri dakika kumi, isahau ilichojifunza.

pikapu_kongwe
Mrejesho: masizi yalikuwa ya kukwangua, skrubu imerudi, TPS 0.93. Nikichomoa IAC sasa inazima. Nimeendesha siku mbili, ikiwa ya moto imekaa 700 hata kikombe cha chai juu ya dashibodi hakitikisiki, na kodi inatoa 11 pande zote mbili. Kimebaki kimoja, asubuhi dakika ya kwanza inakohoa kidogo halafu inaacha.

bi_spana
Hongera. Hicho kikohozi angalia EGR (vavu inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) kama inafunga yote, masizi yanapenda kukaa hapo pia. Ila fungulia uzi mwingine maana huyu wa kabureta anaweza kurudi.

gia_ya_tatu
Nimeona 😅