Kikohozi cha usiku: asali, tangawizi, mvuke au maji ya chumvi, kipi kimepimwa kweli?

MamaWawili
Wakuu habari za jioni. Mwanangu ana miaka 4, mafua yameshapungua ila kikohozi kikavu kinamwanza akishalala tu, anakohoa mpaka anakaa kitandani analia, na mimi silali. Hapa ndani kila mtu ana lake, mama mkwe anasema mfukize, dada yangu anasema tangawizi, jirani asali, baba yake anasema asukutue maji ya chumvi. Sitaki kumjaribishia vyote usiku mmoja, nataka nijue kipi watu walikaa wakakipima na kipi tunarithishana tu. Mdogo wake wa miezi 8 naye ameanza kukohoa.

ZamuYaUsiku
Dada pole sana. Mi ni muuguzi, naanza na huyo wa miezi 8 kabla ya yote: ASALI USIMPE, hata ya kulamba kidoleni. Chini ya mwaka 1 hapana kabisa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, sisi wakubwa utumbo unazimudu, kwa kichanga zinaota humo humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anafunga choo, ananyonya kwa shida, analia kwa sauti ndogo. Na kuichemsha hakusaidii, hizo mbegu zinavumilia maji yanayochemka.

Darubini
Kwa wa miaka 4 jibu langu ni asali bila kusita. Mwaka 2007 watafiti wa Penn State huko Marekani walichukua watoto 105 wa miaka 2 hadi 18 wenye kikohozi cha mafua, wengine wakapewa asali nusu saa kabla ya kulala, wengine dawa ya kikohozi ya dextromethorphan iliyotiwa ladha ya asali, wengine hawakupewa kitu. Asubuhi wazazi wakaulizwa usiku ulikuaje. Asali ikatoka juu, na ile dawa haikuonyesha tofauti ya maana na kutopewa kitu. Miaka 2 hadi 5 walipewa nusu kijiko cha chai, 6 hadi 11 kijiko 1, zaidi ya hapo vijiko 2. Ni usiku mmoja tu ule, siwezi kusema ni tiba ya kila kifua, ila tafiti zilizofuata zimeelekea huko huko.

TangawiziTu
Nabisha kidogo, mi tangawizi ndo imenilea, kikohozi nakunywa ya moto napata nafuu palepale

Darubini
Mkuu nafuu sikunyimi, kinywaji cha moto chochote kinatuliza koo. Ila tangawizi palipo na ushahidi mzuri ni kwenye kichefuchefu, hasa cha mimba changa, kama gramu 1 kwa siku. Kwa kikohozi ushahidi ni mwembamba. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza.

BabuK
Na kufukiza je? Sisi tumekua nako, pua inafunguka unaisikia kabisa.

ZamuYaUsiku
Mzee wangu shikamoo. Pua inafunguka kwa muda ni kweli, lakini mvuke ulipopimwa kwa mafua faida haikuonekana ya kutegemewa, na mimi nimepokea mtoto aliyevuta sufuria akiwa chini ya shuka, maji yakammwagikia mapajani yote mawili, mama yake alikua amegeuka kuchukua taulo tu. Tangu siku ile simshauri mtu amfukize mtoto. Na kwa yeyote anayesoma, akiungua weka chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20, sio dawa ya meno, sio barafu, sio mafuta.

Maji ya chumvi ni mazuri kwa koo la mtu mzima, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, ila wa miaka 4 atayameza, muachie baba yake.

MamaWawili
Nimewaelewa, asanteni mno. Sasa huyu mdogo nimfanyeje maana naona vyote mmenikatalia??

ZamuYaUsiku
Mdogo anyonyeshwe mara nyingi zaidi, pua ikiziba mtone matone ya chumvi ya puani kabla ya kunyonya. Halafu akitulia au akilala mfunue kifua, mhesabie pumzi dakika 1 nzima, sio nusu dakika ukazidisha. Umri wake zikifika 50 au zaidi, au ukiona nyama chini ya mbavu inavutwa ndani akivuta hewa, au amegoma kunyonya, usisubiri asubuhi, nenda hospitali. Na mkubwa kikohozi kikipita wiki 3 naye akaonwe.

TangawiziTu
Hii ya kuhesabu pumzi sikuijua kabisa, nimeipiga picha nimtumie mke wangu

MamaWawili
Narudisha majibu. Mkubwa nilimpa nusu kijiko saa 2 usiku akapiga mswaki akalala, amekohoa mara mbili kabla ya saa 5 basi, sasa hivi kimya. Mdogo nimemhesabia mara mbili, saa ya simu mkononi, nimepata 38 halafu 40, mbavu hazivutwi, na amenyonya titi lote. Nitamhesabia tena saa 9.