Demio au CX-3? Naishi Madale, kazi Posta, nishaurini kabla sijatuma hela

MkaaMadale
Wakuu habari zenu. Nataka kuagiza gari Japani, nimechuja mpaka nimebaki na mbili, Mazda Demio ile ya umbo jipya (DJ, iliyoanza 2014) na Mazda CX-3. Anayezijua anajua hawa ni ndugu wa tumbo moja, ukikaa ndani deshibodi ni ile ile, usukani ule ule, hata ile skrini iliyosimama juu kama tableti ni ile ile, ukifumbwa macho ukaingizwa ndani ukafumbuliwa utabahatisha tu uko kwenye ipi.

Hali yangu iko hivi. Kutoka lami mpaka getini kwangu ni kama kilomita mbili za vumbi, kiangazi inapita gari yoyote, ila masika kuna sehemu maji yanachimba korongo katikati ya njia mpaka bodaboda wanamwambia abiria shuka kwanza. Asubuhi na jioni ni Madale Posta, Posta Madale. Watoto wawili. Mwezi wa 12 lazima tupande Lushoto kumsalimia mama na mara nyingi tunarudi nae Dar, magoti yanamsumbua.

Kwenye profoma (ankara za bei za wauzaji) nilizopata, Demio ya 2016 petroli na CX-3 ya 2016 diseli zinapishana kama milioni 7 na nusu ukiweka na kodi. Hela ipo ila ni hela ya plasta ya nyumba. Wife anataka CX-3, anasema Demio ni gari ya mtu ambaye hajaoa. Na mimi moyo uko huko huko nisidanganye, ila nataka kujua hizo milioni 7 nanunua nini hasa, gari kuwa juu au sura tu?

Kipimo_Halisi
Unanunua unene wa kibiriti mkuu, na sitanii. Chukua kibiriti kilaze mezani, ule unene wake ndo tofauti ya hizo gari mbili kutoka chini. Kwa vipimo vya Mazda wenyewe Demio iko kama milimita 145 na CX-3 iko 160, toa hapo unabaki na sentimita moja na nusu. Watu wanaona ile plastiki nyeusi imezunguka juu ya matairi na chini ya milango wanadhani gari imenyanyuka kumbe imepakwa wanja tu. Alafu hivyo vipimo ni gari tupu, weka wewe, wife, mama, watoto na mifuko ya viazi vya Lushoto kwenye buti uone kibiriti kinabaki njiti ngapi.

Wilbesi, yaani umbali wa tairi la mbele na la nyuma, ni milimita 2570 zote mbili, kwaiyo aliyekaa nyuma magoti yanabanwa kule kule. CX-3 imezidi urefu kwa kama sentimita 21 na upana sentimita 7, buti lita 350 kwa 280. Ni kubwa zaidi ndio, ila ya juu hapana. Anayetaka gari ya juu kweli aangalie Forester au X-Trail asijidanganye na haka.

Mzee wa Saa Kumi na Moja
Kipimo kasema kweli ila kaacha nusu. Mimi naendesha CX-3 diseli mwaka wa tatu.

Kuna kuwa juu kwa gari na kuna kuwa juu kwa KITI. Demio unashuka kuingia, CX-3 unageuka unakaa. Kwa kijana haina maana yoyote lakini mama mwenye magoti mabovu ukimuweka Demio anaingia kama anakaa kwenye kigoda, na kigoda kukaa sio kazi, kazi kuinuka. Hilo lifikirie vizuri kuliko hata korongo.

Ya pili matairi. Demio nyingi zinakuja na 185/65R15, CX-3 za kawaida 215/60R16, hilo tairi pana kwenye vumbi na mchanga unalisikia kabisa. ILA kuna CX-3 zinakuja na rimu za inchi 18, 215/50, kwenye picha zinavutia sana wife atazipenda hizo hizo, na ndo hizo hizo zitakulia hela, jiwe moja la Madale tairi imevimba ubavu. Kuza picha usome maandishi ya tairi kabla ya kulipa. Na zote mbili kutoka Japani kwa kawaida hazina tairi la spea, ukifunua buti unakuta kichupa cha dawa ya pancha na kipampu, mimi nilikuja kuijua hiyo siku nimepata pancha usiku maeneo ya Chalinze, nacheka nikikumbuka ila siku ile sikucheka.

Diseli kwangu haijanisumbua. Natoka home saa kumi na moja alfajiri barabara nyeupe, na kila baada ya wiki mbili naenda Morogoro.

fundi_wa_uani
Hapo mwisho mzee kajibu swali bila kujua. Kutoka saa kumi na moja na kwenda Moro ndo kinachomponya.

MkaaMadale nyie mnabishana urefu wakati mnalinganisha petroli na diseli, hapo ndo penye gari mbili tofauti kabisa. CX-3 ilipotoka 2015 kwa soko la Japani ilikuwa diseli ya lita 1.5 tu, petroli ya 2.0 wakaiongeza 2017, ndo maana kila CX-3 ya bei poa unayoiona ya 2015 na 2016 ni diseli, usione bahati.

Injini yenyewe tamu sijakataa. Torki, yaani nguvu ya kuvuta, ni Nm 270, hiyo petroli ya 1.3 ya Demio ina 121, Mombo kupanda Lushoto diseli inapanda inapiga mluzi na 1.3 utazima AC. Tatizo lipo kwenye ekzosi, mle kuna chujio la masizi, DPF. Likikaribia kujaa gari yenyewe inaamua kuyachoma, inamwaga diseli ya ziada ili ekzosi ipate moto wa kama digrii 600, na hilo zoezi linataka gari itembee mfululizo kama robo saa hivi bila kusimama simama. Sasa wewe umekwama Mwenge, ukasogea ukakwama Morocco, umefika Posta umezima gari, zoezi limekatikia njiani. Jioni linaanza upya linakatika tena. Ile diseli iliyomwagwa ikakosa kuungua inateremka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inachanganyika na oili. Chomoa stiki ya oili ya hizi injini uangalie, juu ya alama ya F kuna alama ya X, hiyo X iko pale kwa ajili ya hilo jambo, oili ikipanda ikafika hapo mwaga weka mpya.

Kuna mteja alikuja kwangu anafurahi kabisa, fundi hii gari haili oili, tena inaongezeka! Nikachomoa stiki nikamnusisha. Inanuka diseli tupu na nyepesi kama chai ya msibani. Yeye anakaa Sinza kazi Mwenge, gari haina kosa hapo, ratiba ya mwenye gari ndo ilikuwa na kosa.

Kwaiyo swali langu kwako, unatoka nyumbani saa ngapi?

MkaaMadale
Saa moja kasoro fundi, nawapitisha watoto shule kwanza.

fundi_wa_uani
Basi diseli iache.

Chuma_Chakavu
Uzi mrefu wote huu wakati Toyota IST ipo

MkaaMadale
IST ninayo ndugu yangu ndo nataka kuiuza, nimeiweka spesa (vipande vya kuinulia gari) mbele na nyuma imenyanyuka kama mbuzi anayetaka kula paa na bado lile korongo inakwangua, na tangu niweke spesa inapiga kelele mbele, bush na linki nimeshabadili mara mbili.

Wa_Limuru
Sasa wakubwa, mimi niko Nairobi niwasalimie. Huku kwetu gari ikishapita miaka minane tangu iandikishwe mara ya kwanza haiingii nchini, so sisi tunaangalia za juzi juzi tu, na hapo kuna kitu naona hamjataja. Demio mwaka 2018 waliitoa ile 1.3 wakaweka 1.5 petroli, ndo niliyo nayo, farasi 110 badala ya 92. Sio ndege, lakini nikipanda escarpment kutoka Mai Mahiu na watu wanne ndani sijazima AC bado. CX-3 nayo mwaka huo huo diseli yake ikatoka 1.5 ikawa 1.8. Mtu mwenye shida ya mlima si lazima akimbilie diseli, aongeze kidogo achukue Demio ya 1.5 petroli. Na ukitafuta za kuanzia mwisho wa 2019 usiandike Demio utakosa, Japan walibadilisha jina wakaiita Mazda2, gari ni ile ile.

Gia ni otomatiki ya kawaida ya hatua sita, sio CVT ile isiyo na hatua, hiyo mimi naipenda sana kwa mlima.

Mama Mizigo
Nyote mmesahau serikali. Natoa magari bandarini, nisikilizeni. Ushuru wa bidhaa kwa cc, 1.3 na 1.5 na 2.0 zote ziko kapu moja la 1000 mpaka 2000, kwaiyo injini haikuokoi hapo. Kinachoua ni uchakavu. Gari ya miaka 8 hadi 10 inaongezewa asilimia 15, ikizidi 10 inaongezewa 30, na hiyo inaingia kabla ya VAT kwaiyo VAT nayo inapanda juu yake. Umri unahesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Mtu ananunua gari mwezi wa 11 anashangilia bei, meli inachelewa, inatia nanga Januari, gari imezeeka mwaka mzima ikiwa baharini. Mteja analia na mimi wakati mimi sikuendesha meli. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, ila umri uhesabu kwa mwaka ule ambao gari ITAFIKA ndo uone, na usishangae gari mpya kidogo yenye bei kubwa Japani ikaja kupishana hela ndogo tu na ile kuukuu ukishalipa kila kitu.

MkaaMadale
Mama Mizigo asante sana, hiyo imenigusa. Jana usiku nimekaa na kikokotoo, ile Demio yangu ya 2016 na Demio ya 2018 mwishoni ya 1.5 aliyosema jirani wa Nairobi zikaja kupishana kidogo kuliko nilivyotegemea kabisa.

Mrejesho wa leo. Nimeenda yadi moja Kinondoni wanazo zote mbili zimepaki jirani, nimebeba futi ya mkononi na nimembeba mama mkubwa wa Goba maana magoti yake ni yale yale ya mama, ya ukoo. Nikalala chini kupima. Muuzaji kanitazama weee, akaniuliza, kaka unanunua gari au unashona suruali? Nimepima chini ya ekzosi, Kipimo umeshinda, ni kibiriti. Nilikuwa nacho mfukoni nikakipitisha.

Mama mkubwa Demio kaingia vizuri kutoka akashika mlango na bega langu. CX-3 katoka mwenyewe, mzee wa saa kumi na moja na wewe umeshinda. Ila nilivyomwambia akae nyuma kaniambia hivi vidirisha vya nyuma ni vya mahabusu, anataka kuona barabara. Kiti cha nyuma cha CX-3 kweli kina giza, ule mstari wa dirisha unapanda juu, hata mwanangu wa mwisho alikuwa anaona mbingu tu.

Kipimo_Halisi
Haha ungempiga picha huyo muuzaji. Enhee umeamua nini?

MkaaMadale
Nimempigia mama mwenyewe Lushoto nikamweleza habari ya magoti na viti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hizo gari zenu zote mbili zinambana, yeye basi linamtosha, ana siti yake ya mbele na kondakta anamjua, nimpokee tu stendi ya Magufuli.

Basi nimebaki na korongo. Leo asubuhi nimelipima na lenyewe kwa hatua, ni hatua arobaini tu za njia mbovu kweli, kule kwingine ni vumbi la kawaida. Nimeongea na majirani watano wenye magari, lori la moramu na kijana wa kusambaza kila mtu akitoa chake haifiki hata robo ya ile milioni 7, na yule mwenye Prado ndo kagoma kuchanga, anasema yeye anapita.

Nachukua Demio 1.5 petroli ya 2018. Wife kakubali kwa sharti moja tu, iwe ile nyekundu yao yenye kung'aa, na nyekundu hizo kwenye mnada zimechangamka bei kuliko nyeupe na silva. Nimeongeza, sina namna.

fundi_wa_uani
Safi. Ikifika usiende mbali kwanza, lete tufungue chini tuone bush na shokapu, na ununue tairi la spea.

Chuma_Chakavu
IST nyekundu pia zipo