Tupeane uzoefu: ukoko ulioganda kwenye sufuria ya mbege

Mpishi wa Marangu: Ndugu zangu, kila anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, anaijua harufu ile inayopanda ghafla uji wa ulezi unaposhika chini, na jana imenipata. Sufuria yangu ya alumini imebaki na ukoko mweusi wenye unene wa kidole. Mliowahi kuunguza, mliutoaje?

Mke wa Rombo: Umenikumbusha mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Mama mkwe alinikabidhi sufuria ya alumini aliyopewa na mama yake, nichemshie ndizi za mbege ya ubatizo wa mtoto wa shemeji. Nilizimenya, nikazibandika tangu alfajiri, na zilipoanza kuwa nyekundu nikaingia ndani kumnyonyesha mtoto, usingizi ukanichukua. Niliporudi, maji yalikuwa yamekauka na sukari ya ndizi imekuwa kama lami. Kwa hofu ya kuonekana, nilichukua panga nikaanza kukwangua. Vipande vikabanduka kama magome ya mti wa msesewe, nami nikazidi kukaza mkono, mpaka nilipoiinua kuelekea mlangoni nikaona nuru ikipenya kwenye tundu dogo kama punje ya ulezi. Nililia palepale. Mama mkwe aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuiloweka?"

Mzee wa Kibosho: Pole sana, mama. Panga halifai kabisa.

Mkazi wa Machame: Tia magadi vijiko vinne kwenye maji yanayofunika ukoko, chemsha nusu saa, uache yapoe. Utabanduka wenyewe.

Muuza vyombo wa Himo: Hapo sikubaliani nawe. Magadi hula alumini na kuiachia weusi. Yanafaa kwa sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Kwa alumini chemsha maji ya limao au ukwaju, kisha sugua kwa dodoki.

Mkazi wa Machame: Nimetumia magadi miaka 20 na sufuria yangu ni ileile.

Muuza vyombo wa Himo: Tafadhali tueleze ni ya madini gani, kwa sababu aliyeuliza anaweza kuharibu yake leo hii.

Mkazi wa Machame: Ni ya chuma kisichoshika kutu. Nakubali, ningetangulia kusema.

Bibi wa Mwika: Uji ukishika, usikoroge tena. Epua, uhamishie taratibu ule wa juu kwenye chombo kingine bila mwiko kugusa chini, maana ukoko ukichanganyika, mbege yote hunuka moshi. Sufuria ijaze maji ingali na joto. Sisi tulisugulia majivu laini, lakini baada ya kuloweka.

Mzee wa Kibosho: Mama wa Rombo, ile sufuria ilizibwa?

Mke wa Rombo: Fundi aliitia kiraka. Haikurudi jikoni; mama mkwe aliitunzia mbegu za ulezi hadi alipofariki, na sasa naitunza mimi.

Mpishi wa Marangu: Asanteni. Nimeloweka kwa maji ya limao tangu usiku. Asubuhi hii yamekuwa na rangi ya chai ya rangi, na ukoko umeanza kuachia pembeni.