Ualimu: SAUT Malimbe au UDOM? Mdogo wangu anatakiwa kuthibitisha

Kaka wa Sengerema:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike amechaguliwa vyuo viwili kwa shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia: SAUT (Mtakatifu Agustino, kampasi ya Malimbe) hapa Mwanza na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka athibitishe kimoja na muda unayoyoma. Kozi ni ile ile, kwa hiyo habari za chuo gani kina jina tuziache. Nataka kujua maisha ya pale: atalala wapi, atakula nini, akiugua nani atamfikia. Hajawahi kuishi mbali na Sengerema. Baba hatunaye, mzigo ninao mimi, na sitaki aumie kwa sababu sikuuliza.

Binti Malimbe:
Kaka, niko SAUT mwaka wa tatu, ualimu huo huo. Hosteli za ndani zipo ila hazitutoshi, wengi tunapanga Malimbe, Sweya, Nsumba hadi Nyegezi. Chumba kinatafutwa kwa miguu, mlango kwa mlango, na cha kwanza kukagua ni maji. Kuliona ziwa dirishani hakumaanishi bomba linatoa. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba wangu alituahidi maji kila siku. Tukawa tunaamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo, yakikatika tunanunua. Siku ya jaribio unaingia darasani umeshachoka. Nilipohamia nyumba yenye tanki ndipo nikaanza kusoma kwa raha.

Mazuri ni mengi pia. Chuo hakijatawanyika, mhadhiri anakufahamu kwa jina. Jioni upepo wa ziwa unavuma, tunakaa kwenye vimbweta, viti vya nje vya kujisomea, tunajadiliana mpaka giza. Mkipika pamoja wawili watatu, dagaa na sato wapo, bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, linafika mbali. Ila akija, asioge wala kufua ziwani. Kichocho kipo.

Mwalimu Kahama:
Mimi ni zao la UDOM. Sababu yangu ni moja kubwa: kulala ndani. Kile chuo kilianza 2007 na kilijengwa kwa lengo la kuchukua wanafunzi 40,000, kwa hiyo mabweni yake si ya kugombania kama kwingine. Binti anatoka kujisomea saa nne usiku anatembea na wenzake ndani ya eneo la chuo, hapiti vichochoroni wala hatafuti bodaboda. Kwa mtu anayetoka nyumbani mara ya kwanza, mimi sioni cha kuweka juu ya hilo.

Ajiandae na ukubwa wa eneo lakini. Ndaki, yaani vitengo vya chuo vyenye majengo yake, ziko mbalimbali, rafiki akiwa ndaki nyingine kumtembelea ni kupanda daladala. Na hali ya hewa itamshangaza. Mwinuko wa Dodoma na wa Mwanza unakaribiana, mita 1,100 na ushee, lakini kule hewa ni kavu. Midomo inapasuka, usiku wa Juni na Julai ni baridi, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mvua za Desemba.

Mama wa Mkolani:
Mwanangu wa Sengerema, mimi nasema abaki. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji hazikuzuii tena. Akishikwa na malaria usiku, asubuhi uko mlangoni kwake. Dodoma unapanda basi Nyegezi alfajiri, Shinyanga, Nzega, Singida, Manyoni, unafika jioni. Wangu alisoma kule. Bibi yake alipofariki tulizika yeye bado yuko njiani. Lile halijanitoka.

Mwalimu Kahama:
Pole sana, mayu. Hilo siwezi kulipinga. Ila ukaribu nao una gharama yake, na mabinti ndio wanaoilipa. Akiwa Malimbe ataitwa kwenye kila msiba, kila harusi, kila mavuno, na akikataa ataambiwa chuo kimempa kiburi. Nimeona wenzangu waliokuwa karibu na kwao wakikusanya supu, mitihani ya marudio, kwa sababu hiyo. Kaka yake anafanya kazi, yeye anasomea ualimu, ila wa kuitwa ni yeye.

Kaka wa Sengerema:
Hapo umenigusa, mwalimu. Mama yetu ndivyo alivyo. Upande wa pesa je?

Binti Malimbe:
Bodi ya Mikopo inatoa 10,000 kwa siku, chakula na malazi, chuo chochote. Tofauti inakuja kwenye kodi. Huku wenye nyumba wengi wanataka ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na anahamia kabla bumu halijaingia, kwa hiyo ya kuanzia itatoka mfukoni mwako. Ada nayo, sisi ni chuo binafsi, iko juu. Piga hesabu ukichukulia kwamba Bodi haitalipa ada yote.

Halafu kaka, samahani, tumejadili sana na sijaona mahali ulipoandika yeye mwenyewe anataka nini.

Kaka wa Sengerema:
Ni kweli. Nimempigia sasa hivi. Anataka Dodoma, kwa sababu ya kitanda cha ndani, na anasema shuleni alipata daraja zuri akiwa bweni, siyo nyumbani. Mama nitaongea naye mimi. Kesho asubuhi anathibitisha UDOM.

Mama wa Mkolani:
Basi Mungu amtangulie. Mnunulie blanketi zito huku huku, na bima ya afya ailipie mapema, asingoje augue. Na wewe usimalize nauli yote kwenye safari ya kumpeleka. Weka kando ya kumrudisha ghafla, uifunge mahali ambapo hata wewe huigusi.